Waulizanao Ladha ya Moshi



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulisikia kila siku wala hawalitii maanani. Si uvutaji wa tumbaku wenyewe, maana juu ya huo yamekwisha semwa mengi mimbarini na hospitalini. Ni yale mazungumzo ya wavutaji. Wanaume wawili watatu wakikutana, mmoja humwuliza mwenziwe: Siku hizi wavuta nini? Naye humjibu, kisha husimulia jinsi kitu hicho kilivyomwingia, kama kilikuwa kikali au laini, kama kiliacha utamu ulimini au uchungu kooni, na kama chafaa asubuhi au baada ya chakula. Mwingine hudakia akaeleza cha kwake, wa tatu akawasahihisha wote wawili. Hivyo saa nzima hupita, na kitu chenyewe kinachozungumzwa kimekuwa majivu zamani.

Hapa kwetu Mkuyuni, katika mji wa Mwanza, mabaraza ya namna hii yako ya aina tatu, nasi kwa kuwa njia yetu ya kwenda na kurudi msikitini hupita karibu na yote, twayajua kwa sauti kabla ya kuyaona. Liko la wazee wa ugoro, ambao hukaa kivulini karibu na soko tangu Adhuhuri mpaka jua lipoe. Liko la watu wa sigara, nao ni madereva, mafundi na wachukuzi, wasio na mahali maalumu, bali popote gari liliposimama hapo ndipo baraza lao. Na liko la vijana wa shisha, ambalo huanza baada ya Isha, wakati watu wema wanapofunga milango.

Tuanze na wazee, kwa kuwa ndio wenye haki ya kutangulia. Ugoro, kwa faida ya watoto ambao hawajapata kuuona, ni tumbaku iliyokaushwa ikasagwa mpaka ikawa unga laini, kisha ikachanganywa na magadi. Wengine huunusa kwa pua, wengine huubana ndani ya mdomo wa chini. Mzee mwenye adabu hafungui kikopo chake akajihudumia mwenyewe kwanza. Humpa mwenziwe, akamtazama usoni, akangoja. Mwenziwe hupiga chafya, hufuta macho kwa ncha ya kanzu au ya shati, ndipo hutoa hukumu: Huu magadi yamezidi. Au: Huu umelala, hauna nguvu. Au, na hili ndilo neno ambalo kila mwenye kikopo hulitamani: Mzee mwenzangu, huu umeupata wapi?

Twataka msomaji ajue kwamba hukumu hiyo ya magadi si upuuzi. Ndani ya jani la tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini, nacho ndicho kimshikacho mtu asiweze kuacha. Magadi huifungua nikotini hiyo, ikapenya upesi katika ngozi laini ya pua na kinywa, ikaingia damuni. Ugoro uliokolea magadi humfika mtu kichwani mbio kuliko usiokolea. Mzee hakusoma kemia, lakini pua yake imeisoma miaka arobaini.

Wala desturi hii si ya jana. Tumbaku asili yake ni bara la Amerika. Watu wa Ulaya waliiona huko katika safari ya Columbus ya mwaka 1492, na kwa meli za wafanya biashara ikaenea duniani kote, Afrika na Asia, kwa haraka. Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858, aliwakuta wenyeji wakiiloweka tumbaku katika maji ndani ya kijungu kidogo, wakiyavuta maji hayo puani, kisha wakizibana pua kwa vidole au kwa kibanio ili yasitoke. Hebu fikirini watu wamekaa baraza moja, wamebana pua zao, nao wangali wanataka kuzungumza! Mwaka huo huo mwenziwe, John Speke, ndiye aliyefika huku kwetu kwenye ufuko wa ziwa. Na huyo Burton ameandika juu ya tumbaku ya Usambara, iliyotwangwa katika vinu, ikafanywa mikate ya duara iliyo myembamba, ikafungwa kwa majani ya migomba na kupelekwa Unguja. Basi hata zamani hizo mtu wa pwani aliweza kusema tumbaku hii ni ya Usambara, ile ni ya mahali fulani, na hii naipenda zaidi.

Lugha yetu yenyewe yashuhudia. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha lugha ya Kiswahili mwaka 1870, aliviandika viungo vya kiko cha Waswahili kimoja kimoja. Tumbaku na kaa la moto hukaa katika bori. Chini ya bori hushuka digali, uliokuwa mti ulio wazi ndani, mpaka katika kiko chenyewe, ndicho chombo kidogo chenye maji. Kutoka kiko hutoka shilamu, ambayo mvutaji huitia kinywani. Na ile sauti ya maji yakibubujika mtu anapovuta ilipewa jina lake mahsusi, ikaitwa malio ya kiko. Watu hawatii jina juu ya sauti ya maji ndani ya chombo isipokuwa wameisikiliza sana, tena kwa kuipenda.

Sasa msomaji na atupe ruhusa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu huko jambo hili limekuzwa likawa kama elimu. Katika kisiwa cha Cuba, upande wa magharibi, katika mkoa wa Pinar del Río, hulimwa tumbaku ya kufanyia sigara nene, zile zisizo na karatasi, ambazo ni jani juu ya jani tangu ndani hata nje. Jani hukaushwa bandani, hulundikwa marundo lipate joto na kuchacha, huwekwa likae, pengine kwa miaka, ndipo husokotwa kwa mkono. Wapenzi wa sigara hizo huko Marekani na Ulaya wana mabaraza yenye viti vya ngozi, na tangu mwaka 1992 wana na gazeti zima liitwalo Cigar Aficionado, ambalo huzipa sigara alama mpaka 100 kama mwalimu asahihishavyo mtihani. Mvutaji wa kule hasemi tu kwamba ni kali au si kali. Asema ameonja mwerezi, ngozi ya farasi, kakao, pilipili manga, na udongo ulionyeshewa mvua. Tulipoyasoma hayo tuliwakumbuka wazee wetu wa sokoni, tukaona kwamba tofauti ni ya viti tu.

Lakini liko jambo moja la huko lililotufurahisha, nasi hatuoni vibaya kulisimulia. Kazi ya kusokota ni ya kimya na ya kuchosha. Basi mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wasokotaji walianza kumweka mtu juu ya kiti kirefu awasomee kwa sauti wakiwa kazini, magazeti asubuhi na hadithi baadaye, na mshahara wake waliutoa wao wenyewe katika mishahara yao. Yasemekana kwamba sigara iitwayo Montecristo ilipata jina lake kwa hadithi ya Alexandre Dumas ambayo wasokotaji waliipenda mno kusomewa. Yaani sigara ilipata jina kwa kile kilichoingia masikioni. Twaomba msomaji aliweke neno hilo, kwani tutalihitaji.

Walakini wale mabwana wa viti vya ngozi hujidanganya kwa jambo moja. Husema: Sisi hatumezi moshi, twauonja tu na kuutoa, kwa hiyo hautudhuru. Sigara moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ya paketi nzima ya sigara za kawaida. Na moshi wake, kwa vile jani lilivyochachishwa, una tabia ile ile ya magadi ya babu zetu, hata nikotini hupita katika ngozi ya kinywa bila ya moshi kumezwa. Saratani za kinywa, koo na umio huwapata hao kama ziwapatavyo wengine. Ladha wameijua sana, njia ipitayo sumu hawakuijua.

Tukirudi nyumbani tuwatazame vijana. Wao hudhani shisha ni kitu kipya kilichotoka Dubai. Wallahi ni kiko kile kile cha Askofu Steere! Bori lingaliko juu na kaa lake. Digali limekuwa bomba refu la kung'aa. Shilamu imekuwa mpira wa rangi rangi. Na maji yalia malio yale yale yaliyomlilia babu wa babu zao. Kilichoongezwa ni utamu. Tumbaku ya shisha hulowekwa katika sukari nyeusi ya miwa na gliserini, ambayo huufanya moshi uwe mzito na mweupe, kisha hutiwa manukato ya matunda. Kijana akikwambia amevuta matufaa mawili, ujue kwamba aghalabu hakuna tufaa hata moja humo. Ladha aisifuyo zaidi ni ya mbegu za anisi, jamaa ya shamari, ambazo nyanya yake huenda akampa bure tumbo likimsokota.

Na maji yale, ambayo wao huapa kwamba huusafisha moshi, kazi yake kubwa ni kuupoza, na moshi uliopozwa huvutwa kwa wingi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba katika kikao kimoja cha shisha cha kadiri ya saa moja, mtu huweza kuvuta moshi ambao wingi wake ni mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Juu yake huongezeka hewa yenye sumu itokayo katika kaa la moto, ile ile iwauayo watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ndiyo sababu Uganda iliizuia shisha katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, Serikali yetu ikatangaza kuipiga marufuku mwaka 2016, na Kenya na Rwanda zikafuata mwishoni mwa mwaka 2017.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tushike kalamu. Mama mmoja wa jirani zetu, ambaye mwanawe alisoma juzuu zake katika chuo chetu, alitujia siku moja baada ya Alasiri. Alikataa kuketi. Akasema: "Maalimu, mwanangu amekuwa mwanachuoni wa moshi." Tukamwuliza maana yake. Akatueleza kwamba hakumkuta akivuta, wala hakusikia harufu katika nguo zake. Alimsikia nyuma ya nyumba akimsomesha mdogo wake wa miaka tisa: hii ni laini, ile yashika kifua, mnanaa huburudisha, zabibu ni ya watoto. Mdogo akijibu kama ajibuvyo chuoni. Mama alitaka kujua jambo moja tu, je, amwambie baba yake ampige, au ampeleke kwa mjomba wake kijijini akachunge ng'ombe?

Tulimwita kijana. Ana miaka kumi na mitano. Alitoa shikamoo yake kwa adabu, tukaitikia marahaba, tukakaa naye juu ya mawe yanayotazama ziwa. Tulimtaka atueleze hizo ladha, naye alipoona hatukasiriki alizieleza kwa ufasaha ambao, tusifiche, ungemfaa sana katika darasa la insha. Alizitaja kumi. Tukamwuliza amevuta mara ngapi. Akainamisha kichwa, akasema: "Mara tatu, maalimu." Ladha ngapi? "Mbili." Na hizo nane umezijuaje? "Nimezisikia."

Tukamwuliza tena, katika hizo mara tatu ni kipi hasa kilichompendeza. Hakujibu upesi. Mara ya kwanza, alisema, alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kichwa kikamzunguka. Kisha akasema: "Walinipa mpira, wakanyamaza wote, wakaniuliza, wewe umeonaje?"

Enyi wazazi, neno hilo tumekaa nalo siku nyingi. Kijana wa miaka kumi na mitano huulizwa maswali mengi katika siku moja. Ulikuwa wapi? Umeswali? Umesoma? Umechota maji? Nani alivunja hiki? Yote ni maswali ya lazima, na mzazi asiyeyauliza si mzazi. Lakini ni maswali ya karani wa mahakama. Katika baraza la moshi watu waliomzidi umri walimpisha mahali pa kukaa, wakampa kilicho chao, wakangoja kwa makini kusikia hukumu yake. Hakutiwa na tamu ya zabibu. Alitiwa na heshima. Na kwa kuwa tiketi ya kuingilia katika heshima ile ni kujua ladha na majina yake, alijifunza majina kwa bidii, kumi kwa kuonja mbili, akaanza na kumsomesha mdogo wake ili naye awe na mtu wa kumsikiliza.

Kwa hiyo twasema, tumbaku huingia kwa sikio kabla ya kuingia kwa kinywa. Moshi wa kwanza hakuna aupendaye. Kikohozi, kizunguzungu na kichefuchefu ndiyo makaribisho yake, na kama mtoto angeachwa peke yake na sigara asiyopata kuisikia ikisifiwa, angeitupa asiirudie. Kinachomrudisha ni yale masimulizi, yaliyokwisha mwambia kwamba ukivumilia utafika mahali patamu walipofika wakubwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tofauti ya mwenzi mwema na mbaya kwa mfano wa muuza miski na mfua chuma, nasi hupenda kuufahamu kwa habari ya harufu inayobaki katika nguo. Lakini muuza miski na mfua chuma kila mmoja pia ana maneno yake, na maneno hayafuliki kwa sabuni.

Baada ya kijana tulimwendea baba. Ni mtu mwema, mlipaji wa deni, asiyekosa safu ya Alfajiri, naye ni mvutaji wa sigara tangu ujana. Jioni huketi barazani kwake na wenziwe, na kila aina mpya ifikapo madukani huijaribu akawaeleza. Kijana huyo huyo, alipokuwa na miaka saba, ndiye aliyekuwa akitumwa dukani kuzinunua moja moja, akizijua kwa rangi ya paketi kabla hajajua kusoma. Tulipomweleza mambo yalivyo, alinyamaza kidogo, kisha akatutolea hoja, na kwa kuwa hoja zake ni za watu wengi twazileta hapa.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa hii: "Maalimu, mbona wanavyuoni wenyewe wamehitilafiana?" Ni kweli wamehitilafiana. Tumbaku haikuwako zamani za Mtume, na ilipozifikia nchi za Waislamu ulizuka mjadala mkubwa. Katika karne ya 17 walikuwako mjini Cairo wanavyuoni wawili wa madhehebu moja, ya Maliki, mmoja Ibrahim al-Laqani aliyeandika kuikataza, na mwingine Ali al-Ujhuri aliyeandika kwamba yajuzu. Huko Damascus, mwaka 1682, Sheikh Abd al-Ghani al-Nabulsi alitunga kitabu kizima kuitetea. Na Sultani Murad wa Nne wa Waturuki, yeye hakutaka mjadala. Mwaka 1633 aliipiga marufuku, akawaua waliokamatwa wakivuta, na baada yake watu wakaendelea kuvuta kama kwamba hakupata kuzaliwa.

Lakini tulimwomba baba huyo atazame jambo moja. Wale walioihalalisha waliulizana kama inalevya, kama ni najisi, kama ni israfu. Juu ya madhara ya mwili hawakuwa na ushahidi wa kuaminika, kwani tabibu mmoja alisema yaponya na mwingine akasema yaua. Ushahidi umekuja baadaye. Mwaka 1950 Waingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa hospitali za London, wakaonyesha jinsi saratani ya mapafu inavyofuatana na sigara. Tarehe 11 Januari 1964 mganga mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, alitangaza taarifa iliyokata shauri. Leo Shirika la Afya Duniani lahesabu zaidi ya watu milioni 7 wafao kwa tumbaku kila mwaka, na miongoni mwao zaidi ya milioni 1 hawakuvuta wao, bali walikaa karibu na wavutao. Kwa sababu hii wanavyuoni wengi wa zama zetu wameihukumu kuwa haramu, wakitegemea aya ya 195 ya Suratil Baqara, ikatazayo mtu kujitia kwa mkono wake katika maangamizo. Wengine wamebaki na makuruhu. Hatutaki kuligeuza gazeti hili kuwa mahakama. Ila atakaye kushika kauli ya al-Nabulsi na aishike pamoja na yale ambayo al-Nabulsi hakuyapata, kisha aone kama mkono wake bado una nguvu ya kuishika.

Hoja ya pili ilikuwa ya ndugu zetu wa Tabora. Tumbaku, alisema, yawalisha watu Urambo, Kaliua na Sikonge, na hata upande wa Kahama, tena baadhi yao ni jamaa zake. Hilo nalo ni kweli, wala hatuwezi kumlaumu mkulima anayesomesha watoto kwa zao lililoko. Lakini ni nani aliyemsikia mkulima wa tumbaku akizungumza habari ya ladha? Mazungumzo yake ni ya madaraja na bei ya kilo. Mteuzi hulishika jani, hulitazama rangi, hulinusa, akatamka daraja, na kwa neno hilo moja mwaka mzima wa mtu hupanda au hushuka. Avunaye majani yaliyolowa umande au mvua, nikotini humwingia kwa ngozi ya mikono, akatapika na kupatwa na kizunguzungu siku nzima bila ya kuvuta hata pumzi moja. Na ile iitwayo tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo ni misitu ya miombo. Yote haya hayatajwi barazani mtu anapopuliza moshi na kusema huu ni laini.

Hapo baba alicheka kidogo, akasema: "Maalimu, sema basi unataka nini kwangu."

Hatukumtaka aache siku ile. Tulimweleza yale tuyajuayo, kwamba uchu huwa mkali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua kwa majuma, na kwamba yeye kila Ramadhani hukaa saa kumi na tatu na zaidi bila ya sigara. Hapa kwetu karibu na ikweta saa hizo hazibadiliki sana mwaka hata mwaka, hivyo hawezi kusema kwamba Ramadhani fulani ilimpunguzia. Sisi tulimtaka mambo mawili tu. La kwanza, asimtume mtoto yeyote kununua sigara, na katika hilo hata sheria ya nchi ya mwaka 2003 imekwisha kukataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. La pili, wakiwapo watoto, asisimulie ladha. Kama hana budi kuvuta, na avute kama anywaye dawa chungu, mbali na nyumba na kwa kunyamaza.

La kwanza alilikubali papo hapo. La pili lilimtia shida. Alisema: "Na wenzangu wakiniuliza?" Tukaona kwamba baba na mwana wanaumwa na ugonjwa mmoja. Mwishowe alisema atajaribu, na kwamba kikao cha jioni atakihamishia kwenye duka la kahawa la jirani yake, ambako watoto hawapiti.

Ama kwa yule mama, jibu letu lilikuwa asimpige kijana wala asimpeleke kuchunga ng'ombe, kwani machungani nako kuna ugoro. Tulimshauri amketishe pamoja na watu wazima katika mambo ambayo hukumu yake yaweza kusikilizwa. Nyumba yataka kuezekwa upya, aulizwe bati lipi. Dada yake aposwa, aulizwe amemwonaje mposaji. Sisi chuoni tumempa watoto sita wa alifu, awasomeshe Jumamosi na Jumapili, nasi humwuliza kila juma ni nani aliyeendelea na ni nani aliyekwama, na kwa nini. Hadi tunapoandika haya ni majuma saba. Hatukumwuliza kama amevuta tena. Mdogo wake ni mmoja wa wale sita.

Barua nyingine tuliyoletewa mwezi huu, ya msomaji wa Igoma auulizaye kama yafaa kuuza pweza wa kukaanga mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, tutaijibu katika toleo lijalo, Insha Allah.